David Norris: seneta aliyeongea miaka 36 bila kumbembeleza diwani

Ukitaka kujua seneta wa Ireland anaongea kwa ajili ya nani, acha kwanza anachosema, angalia nani kampigia kura. Hapo ndo utaelewa kwanini mmoja akisimama anaulizia barabara ya kijijini na mwingine akisimama anaongelea Timor Mashariki huko Asia, na kwanini huyo wa Timor Mashariki kesho yake anaweza kusimama tena kulilia majumba ya zamani ya mtaa anaoishi na asipate hata kura moja ya ziada kwa kufanya hivyo.

Namuongelea David Norris, aliyeingia Seneti 1987 na kustaafu Januari 2024, hakuna seneta wa Ireland aliyewahi kukaa muda mrefu kama yeye. Na watu wengi huku hawajui kwamba huyu mzee kazaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1944, baba yake alikuwa injinia wa kampuni ya Lever Brothers enzi za Kongo ya Wabelgiji, halafu akapelekwa Ireland akiwa bado mtoto mdogo kabisa. Kwa hiyo Kongo tunaweza kudai kasehemu kadogo hapo, ila sitaki kuikuza hiyo, aliyoyafanya yote aliyafanya Dublin.

Tuanze na hiyo Seneti yenyewe, maana bila kuielewa Norris haeleweki. Wenyewe wanaiita Seanad, ina viti 60, na hakuna hata kimoja ambacho mwananchi wa kawaida anaamka asubuhi anaenda kituoni kukipigia kura. Viti 43 vimegawanywa kwenye makundi matano, la utamaduni na elimu, la kilimo, la kazi, la viwanda na biashara, na la utawala. Ukisikia hivyo unadhani wakulima wanamchagua mkulima mwenzao, kumbe wala, wanaopiga kura ni wabunge, maseneta wanaomaliza muda wao, na madiwani wa nchi nzima ambao tangu 2014 wapo 949. Viti 11 Waziri Mkuu anajiteulia watu wake mwenyewe, na ndo maana serikali kwa kawaida haikosi wingi mle ndani. Vinabaki 6 vya wahitimu wa vyuo vikuu, ambavyo enzi zake vilikuwa 3 vya Trinity pale Dublin na 3 vya Chuo Kikuu cha Taifa. Norris alikuwa wa Trinity.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya seneta wa kundi la kilimo. Wapiga kura wako ni madiwani, unawajua kwa majina, umewafuata hadi majumbani kwao kaunti kwa kaunti kipindi cha kampeni, umekunywa chai yao, na diwani wa Kerry au Donegal anachotaka ni kuona kaunti yake imetajwa kwenye Hansadi. Wengi wa hao maseneta pia ni watu walioukosa ubunge uchaguzi uliopita au wanaojipanga kuusaka uchaguzi ujao, kwa hiyo kila neno lina hesabu yake. Kila siku ya kikao kuna kipindi cha kupanga shughuli za siku, na humo seneta anapata dakika chache tu, ila anaweza kuzitumia kuibua karibu jambo lolote. Kisha kuna kipindi kingine ambacho seneta anapeleka hoja moja mahususi na serikali inaleta waziri au naibu waziri kujibu. Hapo ndo utasikia shule inayosubiri jengo jipya, kituo cha polisi kilichofungwa, basi lililokatiwa ruti, kitengo cha hospitali kinachotaka kuhamishwa. Mtanzania yeyote anayefuatilia Bunge la Dodoma asubuhi atajisikia yuko nyumbani, ni ile ile ya "serikali ina mpango gani", na majibu nayo yanafanana, waziri anasoma karatasi aliyoandikiwa na wataalamu, mara nyingi sio hata waziri wa wizara husika, ni naibu wa wizara nyingine kaja kumwakilisha mwenzake.

Sisemi hiyo ni kazi ya bure. Mzazi wa mtoto anayesoma kwenye darasa la muda mwaka wa sita huyo anahitaji mtu wa kuuliza, na jibu likishaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge linakuwa kitu cha kumshikia waziri shati mwakani. Ninachosema ni kwamba mtu anayeongea hivyo ana deni, na ukisoma michango mingi ya Seneti ile kwa pamoja unaliona hilo deni, jina la mji linatajwa mara tatu ndani ya dakika mbili, pongezi kwa diwani fulani zinaingizwa katikati hata pasipo na sababu.

Norris hakuwa na hilo deni. Wapiga kura wake walikuwa wahitimu wa Trinity, makumi ya maelfu ya watu waliotawanyika Ireland na duniani, wanaopiga kura kwa posta, wengine wapo Boston, wengine Sydney, huwezi kuwajengea barabara hata ukitaka. Wala hakuwa na chama. Alikuwa mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza hapo hapo Trinity, mtaalamu wa mwandishi wa Ireland James Joyce, ana sauti nzito na maneno mengi, na alijaribu kuingia Seneti akashindwa mara kadhaa kabla ya kupata 1987.

Na hapa ndo kwenye kitu ninachokipenda kwake. Huyu ambaye hakuwa na jimbo la kijiografia kabisa alikuwa na mtaa. North Great George's Street upo upande wa kaskazini wa Dublin, pembeni ya Parnell Street, karibu kabisa na O'Connell Street, ni safu ya majumba marefu ya matofali ya karne ya 18 yaliyojengwa kwa ajili ya matajiri. Bunge la Ireland lilipovunjwa na nchi kuunganishwa rasmi na Uingereza mwaka 1801 wakubwa wengi wakahama, na majumba ya upande ule wa jiji polepole yakawa ya kupangisha chumba chumba, familia nzima chumba kimoja, mbao zinaoza na hakuna anayekarabati. Mwaka 1963, mwezi Juni, majengo chakavu yakaporomoka Bolton Street na Fenian Street ndani ya siku chache, watu 4 wakafa, wawili wao watoto wa kike. Baada ya hapo halmashauri ya jiji ikaanza kubomoa kwa kasi, na unaelewa kabisa kwanini, nani anataka maiti nyingine. Ila pamoja na yale yaliyokuwa hatari yakaenda pia mengi yaliyokuwa bado yanatengenezeka, na viwanja vikabaki wazi au vikageuzwa maegesho ya magari.

Norris akanunua nyumba kwenye mtaa huo mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mtu mwenye akili zake na mshahara wa uhadhiri alitakiwa kununua kijumba kipya nje ya mji, akaikarabati, akashirikiana na majirani kuanzisha chama cha kuuhifadhi mtaa, na namba 35, nyumba iliyokuwa inaelekea kubomolewa, ikaishia kuwa Kituo cha James Joyce kilichofunguliwa 1996. Kwa hiyo alipokuwa akisimama Seneti kuongelea mipango miji, wamiliki wanaoacha nyumba zioze makusudi ili wapate kibali cha kubomoa, kelele, uchafu, takataka za katikati ya jiji, alikuwa anaongea kama mtu anayeishi na hayo mambo, sio kama mtu aliyetumwa na diwani. Hakuna kura aliyopata kwa hilo, mpiga kura wake wa Sydney hata hajui Parnell Street inanuka au inanukia.

Usafiri nao ni hivyo hivyo. Alikuwa miongoni mwa watu waliopigia debe treni ya chini ya ardhi Dublin kwa miaka na miaka, na ilikuwa rahisi kumcheka maana mradi wenyewe ulikuwa kama mchezo wa kuigiza. Serikali ikatangaza Metro North 2005, nchi ikafilisika kwenye mgogoro wa mabenki, mradi ukawekwa kando 2011, ukarudi na jina jipya la MetroLink 2018, na hadi mzee anastaafu 2024 hakuna hata treni moja ya chini ya ardhi iliyokuwa inatembea Dublin. Ukimpima kwa matokeo, kapata sifuri. Mi naona kumpima hivyo ni uvivu, kwa sababu Seneti ile haina uwezo wa kujenga chochote. Muswada ukitoka bunge la chini, Dáil, na Seneti haiutaki, inachoweza ni kuuchelewesha siku 90, na kama ni muswada wa fedha ina siku 21 za kutoa mapendekezo ambayo Dáil inaweza kuyatupa. Tangu katiba ya 1937, miswada ya serikali ambayo Seneti iliikataa kabisa inayotajwa ni miwili tu, mmoja 1959 uliohusu kubadili mfumo wa uchaguzi na mwingine 1964 uliohusu, amini usiamini, maduka ya kuweka vitu rehani. Basi. Kwenye nyumba ya namna hiyo kuongea ndo kazi, na swali linabaki unaongea nini na unaanza kuongea lini, kabla jambo halijakubalika au baada.

Na Norris kwenye lile jambo lake kubwa alianza mapema sana. Ni ishu ambayo huku kwetu watu hawaiongelei kirahisi na sikulazimishi ukubaliane nae, angalia tu njia aliyopita. Ireland ilikuwa imerithi sheria za enzi za Malkia Victoria, za 1861 na 1885, zilizofanya uhusiano kati ya wanaume kuwa jinai. Norris akaenda mahakamani kupinga miaka ya 1970, akashindwa Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Juu 1983 kwa majaji 3 dhidi ya 2, akaenda Strasbourg kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na kushinda Oktoba 1988 kwa kura 8 kwa 6. Wakili wake alikuwa Mary Robinson, ambae nae alikuwa seneta wa Trinity tangu 1969 na baadae akawa Rais wa nchi, na wasomaji wa Goma na Bukavu watamkumbuka kama mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa kwa Maziwa Makuu 2013 na 2014. Sasa angalia tarehe. Norris kaingia Seneti 1987, hukumu imetoka 1988, na serikali ikakaa na hiyo hukumu mpaka 1993 ndo ikabadilisha sheria. Yaani kwa miaka 6 kulikuwa na mtu anayekaa kwenye kiti cha kutunga sheria na sheria zile zile zinamuona mhalifu nyumbani kwake, na anajulikana, hajifichi. Mjadala ulipofika Seneti mwishoni mwa Juni 1993 alisimama kuchangia na kile alichosema kilikuwa kimejaa maisha yake mwenyewe, na Julai hiyo hiyo aliyesaini sheria kwa kalamu ya urais alikuwa wakili wake wa zamani. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia watu watakwambia umezidisha.

2004 akaja na muswada binafsi wa kutambua ushirika wa watu wanaoishi pamoja bila ndoa, haukufika mbali, serikali haikuutaka. Serikali nyingine ikapitisha sheria yake ya kufanana na hiyo 2010, na Mei 2015 wananchi wakaenda mbali zaidi kwenye kura ya maoni, asilimia 62 wakakubali ndoa ya jinsia moja. Robinson nae alipitia hayo hayo, 1971 alipeleka muswada wa kuruhusu dawa za uzazi wa mpango akiwa na maseneta wenzake wawili na hata kuusoma mara ya kwanza walikataliwa, na ilichukua hadi 1979 kupata sheria ya kwanza, tena dhaifu. Hii ndo kazi ambayo viti vile vya vyuo viliifanya vizuri, kupeleka muswada unaojua kabisa utakufa ili mwingine baadae asiseme jambo halijawahi kujadiliwa. Seneta anayetegemea madiwani wa 1971 asingethubutu, madiwani wangemmaliza kabla padri hajamaliza.

Mambo ya nje nayapitia haraka. Timor Mashariki alikuwa anaipigia kelele wakati wengi hawajui ipo wapi kwenye ramani, na ndege za Marekani zinazopita uwanja wa Shannon alizihoji sana, hasa ile hofu kwamba zinatumika kwenye mtandao wa kusafirisha watuhumiwa kwenda kuteswa. Majibu ya serikali yalikuwa kwamba imehakikishiwa na Wamarekani hakuna kitu kama hicho.

Lakini nisimpambe kupita kiasi, maana uhuru ule ule wa kutokuwa na bosi ulimponza pia. 2011 aligombea urais, na kuna kipindi alikuwa anaongoza kwenye kura za maoni, halafu ikaibuka barua aliyoiandika 1997 kwa mahakama ya Israel akimuombea huruma aliyekuwa mpenzi wake, aliyetiwa hatiani kwa kosa la ngono na mvulana wa umri mdogo, na barua yenyewe ipo kwenye karatasi yenye nembo ya Bunge. Akajitoa, akarudi, akamaliza wa tano kati ya saba kwa asilimia 6 na ushee. Wapo walioiona ile barua kama huruma ya mtu kwa mtu aliyempenda. Mimi siiafiki hata kidogo, na nembo ya Bunge ndo inayonisumbua zaidi, kwa sababu pale alikuwa anatumia kiti kama mali yake. Julai 2013 tena, kwenye mjadala wa kuifuta Seneti, alitoa maneno machafu dhidi ya mbunge mwanamke wa chama tawala cha Fine Gael, maneno ya kwenye vilabu vya pombe, akalaumiwa na alistahili. Mtu aliyezoea kutosimamishwa na chama chochote siku moja hajisimamishi mwenyewe.

Huo mjadala wa 2013 wenyewe unastahili neno. Kiongozi wa Fine Gael na Waziri Mkuu wa wakati huo, Enda Kenny, alikuwa ameahidi tangu 2009 kwamba ataifuta Seneti, kampeni ikasema nchi itaokoa euro milioni 20 kwa mwaka na wanasiasa watapungua, na kwa nchi iliyokuwa imekatwa mishahara na huduma hayo ni maneno matamu. Haikuwa mara ya kwanza pia, De Valera, kiongozi wa serikali wakati ule, aliifuta ya zamani 1936 kwa sababu ilikuwa inamchelewesha, halafu mwaka uliofuata akaandika katiba mpya yenye Seneti nyingine iliyonyimwa makali. Wakenya hadithi hii mnaijua, yenu ilizikwa 1966 ikafufuka 2013, mwaka ule ule Ireland inajaribu kuizika yake. Oktoba 4 watu wakapiga kura, asilimia 51.7 wakasema ibaki. Ni ushindi mwembamba, na wengi waliosema ibaki hawakuipenda ilivyo, walitaka irekebishwe na hawakumwamini Waziri Mkuu kubaki peke yake na Dáil.

Sasa tatizo ambalo watetezi wa Norris hupenda kulikwepa. Ule uhuru wake ulitokana na upendeleo. Mhitimu wa Trinity alikuwa na kura ya useneta, fundi bomba wa Tallaght, kitongoji cha Dublin, hakuwa nayo, muuguzi aliyesomea chuo kingine hakuwa nayo. Na usiniambie wahitimu walichagua vizuri, walichagua pia wengine ambao hakuna anayewakumbuka. Lynn Ruane aliyeingia 2016 kwa kiti hicho hicho cha Trinity anachanganya kidogo hoja hii, maana katoka Tallaght, akawa mama akiwa bado binti mdogo, kaingia chuo kupitia mpango wa watu waliokosa nafasi, na akiongelea dawa za kulevya mtaani anaongelea mtaa wake, na muswada wake kuhusu mikataba ya kuwafunga midomo wafanyakazi walionyanyaswa ukaja kuingia kwenye sheria ya serikali 2024. Ila mtu mmoja mzuri hafuti ubaguzi wa mfumo.

Wananchi walishakubali 1979, kwa kura ya maoni, kwamba viti vya vyuo vinaweza kupanuliwa kwa vyuo vingine, na serikali zote zilizofuata zikakaa nalo miaka zaidi ya 40 bila kufanya kitu, mpaka mhitimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Limerick akaenda mahakamani na Mahakama ya Juu Machi 2023 ikasema hali hiyo inavunja katiba. Ndo ikaja sheria ya 2024 inayounganisha viti vyote 6 kuwa jimbo moja la wahitimu wa elimu ya juu. Ni haki, sina ubishi. Wasiwasi wangu ni mdogo tu, kwamba kuwafikia mamia ya maelfu ya wapiga kura kwa posta kunahitaji hela na mtandao, na wenye hela na mtandao ni vyama, kwa hiyo mhadhiri mmoja mbishi mwenye mtaa wake uliochakaa atapata shida kuliko alivyopata Norris, ambae mwenyewe alishindwa mara kadhaa kwenye daftari dogo.

Na kelele zote hizo ni za viti 6. Vile 43 vya madiwani havijaguswa. Ripoti ya 2015 ya kundi lililoongozwa na Maurice Manning, aliyewahi kuwa seneta, ilipendekeza sehemu kubwa ya viti hivyo ichaguliwe na wananchi wenyewe, na ikaonyesha kwamba hilo linawezekana kwa sheria ya kawaida bila kugusa katiba. Tatizo ni kwamba hiyo sheria inatakiwa ipitishwe na wabunge na maseneta, na hao ndo wenye kura sasa hivi pamoja na madiwani wao.